Mradi wa maji wa kijiji: mjiendeshee wenyewe, mumpe mtu binafsi, au mjiunge na mamlaka ya mji? Linganisheni kabla hamjanyoosha mikono

Kijiji kimeitwa mkutano, mradi mpya unakabidhiwa au ule wa zamani umechoka na injinia anasema uendeshaji ubadilishwe, na watu wote pale chini ya mwembe wanagombania kitu kimoja tu: ndoo itauzwa shilingi ngapi. Mmoja anataka ishirini, mwingine anasema hamsini sawa bora maji yawepo, mzee mmoja anasimama anasema enzi za Mwalimu maji yalikuwa bure, makofi, mkutano unaahirishwa. Sasa mimi kwa kazi zangu nimekaa kwenye hiyo mikutano ya kutosha, na naomba niseme mapema kabisa bei ya ndoo ni swali la tatu. La kwanza ni hela inalala kwa nani, la pili ni pampu ikifa Jumamosi jioni anapigiwa simu nani na anakuja na nini mkononi. Ukishajibu hayo mawili bei inajipanga yenyewe, na ukiyaruka hata mkiuza ndoo shilingi mia mradi utakufa tu.

Huyo mzee hakosei lakini. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 kwamba ifikapo 1991 kila Mtanzania awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kijijini maji yalikuwa ya bure kweli, serikali inajenga serikali inatengeneza. Kule Mtwara na Lindi Wafinland wakaleta pampu za mkono za Nira, kanda ya ziwa baadaye kukawa na HESAWA, mradi wa maji na afya wa Waswidi, kila mfadhili na mkoa wake na pampu yake. Kujenga kulikuwa rahisi, tabu ikaja kwenye kutengeneza, maana dizeli ilitoka wilayani na wilaya yenyewe haina, na fundi wa mkoa ana gari moja bovu. 1991 ikafika, mita 400 hazijafika. Ndipo sera ikaanza kugeuka kidogo kidogo mpaka Sera ya Maji ya 2002 ikasema wazi kwamba wa vijijini mtamiliki, mtaendesha na mtalipia gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Kipimo kikabaki lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kilula kimoja, yaani kituo cha kuchotea maji, watu 250. Sheria ya 2009 ikawapa jina na usajili, vyombo vya watumiaji maji, wengi tulikuwa tunaviita COWSO. Na bado 2013 walipohesabu vituo vya maji nchi nzima wakakuta takriban nne kati ya kumi havitoi maji. Yaani kuwapa wananchi mradi bila fundi na bila mhasibu kulikuwa kuhamisha tatizo tu kutoka ofisi ya mkoa kwenda kwa mwenyekiti wa kamati ambaye naye ana shamba lake la kulima.

Ndio maana ikaja Sheria Namba 5 ya 2019 na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ikaanza kazi Julai 2019. Hili badiliko watu wanalichukulia kama kubadilisha kibao cha ofisi ila ni kubwa. Zamani injinia wa maji wa wilaya alikuwa mtu wa halmashauri, bosi wake mkurugenzi, na wizara ya maji ilikuwa inamwangalia kwa mbali, hela ya maji ikifika inakutana na mahitaji mengine kibao. Sasa meneja wa RUWASA wa wilaya anawajibika juu mpaka Wizara ya Maji, na chombo cha kijiji kinaitwa CBWSO, chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho kinatakiwa kiwe na watumishi wenye ujuzi, fundi na mhasibu, na badala ya kila kijiji na kamati yake vijiji kadhaa vinaunganishwa chombo kimoja. Madiwani wengine hawakufurahi, na wana hoja, kwamba mwananchi alikuwa anaweza kumbana mkurugenzi kwenye baraza ila meneja wa RUWASA anambana wapi. Mimi naona ilibidi, ila hiyo hoja msiitupe, nitairudia.

Haya, tuje kwenye uchaguzi wenyewe.

Chombo chenu wenyewe, CBWSO

Uzuri wake mnaujua, hela inabaki kwenu, viongozi mnawajua mpaka kwao, na mkiamua bibi fulani asiyejiweza achote bure hamuombi kibali mjini. Chombo kimesajiliwa, kina akaunti ya benki, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Na kikiwa kikubwa kinafanya kazi, hili si nadharia. Angalieni Hai na Siha kule Kilimanjaro, zile bodi za maji zilizoanzishwa kwenye miaka ya tisini kwa msaada wa Wajerumani, Uroki Bomang'ombe, Losaa KIA, Lawate Fuka, vijiji vingi bodi moja, watumishi wa kulipwa, mita kwenye kila nyumba iliyovuta maji, na zilisifiwa miaka mingi. Sawa, wao wana maji ya mserereko yanashuka yenyewe kutoka mlimani, hawanunui dizeli, usiniambie Kilimanjaro na Kishapu ya ukame kule Shinyanga ni sawa. Lakini siri haikuwa mlima peke yake, maana miradi ya mserereko iliyokufa iko mingi. Siri ilikuwa ukubwa: ukiwa na vijiji vingi unaweza kumlipa fundi mshahara, ukiwa na kijiji kimoja fundi ni kijana wa kujitolea ambaye akipata kazi ya machimbo Mererani hamumuoni tena.

Ubaya wa CBWSO ni hela. Hapa ngoja nikae kidogo.

Chukueni kilula kimoja (wengine mnaita gati, wengine DP, ni hicho hicho). Asubuhi mita inasoma 1,204, kesho yake asubuhi inasoma 1,210. Uniti 6 zimetoka. Uniti moja ni lita elfu moja, yaani ndoo 50 za lita ishirini, kwa hiyo ndoo 300, ndoo shilingi 50, inatakiwa iwe 15,000. Muuza maji analeta 9,500. Hiyo 5,500 iko wapi? Sio lazima kala. Koki inavuja, watoto wameosha miguu, mbuzi wamenyweshwa, shemeji kachota kwa mkopo, mwenyekiti wa kitongoji hajawahi kulipa toka mradi uzinduliwe na nani atamwambia. Kwa siku ni hela ndogo, nani agombane na jirani kwa 5,500, ila kwa mwezi ni 165,000 na mna vilula kumi na mbili. Wakati huo huo tuseme pampu ya kuzama na kazi ya kuitoa na kuirudisha ni milioni 6 na inadumu miaka 5, mnatakiwa muweke pembeni laki moja kila mwezi kwa ajili ya hiyo pampu tu. Sasa unaona, hela ya pampu mpya ilikuwepo, imeondoka na shemeji.

Tena nimeona sehemu daftari la kilula limeandikwa vizuri mwandiko wa mwalimu, kila siku 10,000, 10,000, 10,000, kiangazi na masika sawasawa. Masika watu wanakinga maji ya bati, mauzo lazima yaanguke. Daftari lenye namba zinazofanana mwezi mzima limeandikwa siku moja. Kama kamati yenu haina mtu anayesoma mita ya kilula na mita ya tenki na kuzilinganisha na benki kila wiki basi mjue bado ni kamati ile ile ya zamani, jina tu ndio limebadilika.

Na kingine, siasa. Kamati ya maji ikipata hela kidogo inakuwa tamu, mwaka wa uchaguzi utasikia mgombea anasema maji yashuke bei, na anashangiliwa. Halafu anayeteseka na foleni ni mama, ila kwenye kamati unakuta wanawake wamewekwa kutimiza idadi, wanaandaa chai. Vyombo nilivyoona vina hela benki, karibu vyote mweka hazina alikuwa mwanamke mkali asiyeogopa mwenyekiti, sijui niseme nini zaidi.

Kumpa mtu binafsi aendeshe

Hapa kuna kelele nyingi kwa sababu ya neno ubinafsishaji na watu wana haki ya kuogopa, Dar ilishatokea. Mwaka 2003 City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa kwetu, ilipewa mkataba wa miaka 10 kuendesha maji ya jiji, na lilikuwa mojawapo ya masharti ya Benki ya Dunia kutoa hela. Miezi kama ishirini baadaye, Mei 2005, serikali ikavunja mkataba, makusanyo hayakupanda kama walivyoahidi, uwekezaji haukuonekana. Kampuni na serikali wakaenda kwenye mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa, moja likaamua kampuni ndiyo ilipe paundi milioni 3 na kidogo, lingine 2008 likasema Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji ila halikutoa fidia hata senti. DAWASCO, shirika la umma, ikachukua kazi, na 2018 ikaunganishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ndiyo hii iliyopo leo.

Ila mkataba wa kijiji ni kitu kingine kabisa, na mnapofananisha mnajinyima. Kijijini mali inabaki ya chombo chenu, chanzo chenu, tenki lenu, mnachompa ni kazi ya kuendesha. Anaweza kuwa fundi wa wilayani, kampuni ndogo, hata kijana wenu aliyesomea VETA na ana pikipiki. Nimependa kitu kimoja kwa hawa watu, saa kumi na moja alfajiri wameshafungua, kwa sababu asipofungua hapati cha kula. Muuza maji wa kamati akiumwa kichwa kilula kimefungwa.

Kinachoamua ni mnamlipaje. Kuna vijiji vinasema utuletee 200,000 kila mwezi inayobaki ya kwako, rahisi, haina mahesabu, na ndiyo mbaya kuliko zote. Kiangazi mwenzenu anavuna, nyie mnapata ile ile laki mbili, na masika akikwama anaanza kupunguza matengenezo. Wengine wanagawana asilimia ya mauzo, nzuri kidogo ila mauzo anayajua yeye. Mimi ningechagua kwa uniti: mnafunga mita kubwa kwenye bomba linalotoka tenki, kila uniti iliyopita pale analipa chombo kiasi fulani mlichokubaliana, iwe imeuzwa au imevuja. Hapo mivujo inakuwa shida yake, utamwona anatembea na jembe kufuata bomba bila kuambiwa. Lakini hiyo mita ya tenki isomwe na nyie, si yeye.

Hatari zake zipo tatu nilizoziona. Kilula cha mbali chenye kaya ishirini kinamtia hasara, kwa hiyo "kimeharibika" na kitaendelea kuharibika, msipoandika kwenye mkataba kwamba kila kilula lazima kitoe maji na kisipotoa siku kadhaa anakatwa basi wale wa mwisho wamekwisha. Ya pili, mwaka wa mwisho wa mkataba hagusi matengenezo makubwa, nani anunue pampu mpya amuachie mwenzake. Kwa hiyo hela ya pampu asishike yeye, ikae akaunti ya chombo toka mwezi wa kwanza. Ya tatu, akishapata hela anakuwa rafiki wa mwenyekiti. Hiyo haina dawa ya mkataba, labda kusomea mapato na matumizi mkutanoni kila robo mwaka, tena msome mbele ya watu namba za mita, sio "tumekusanya vizuri".

Kuna na njia ya nusu ambayo kwetu haijazoeleka sana lakini jirani zetu Kenya wameifanya, Kwale na Kitui. Kampuni ya FundiFix haiendeshi maji yako, wewe unaendesha, wao unawalipa ada kidogo kila mwezi na pampu ya mkono ikifa wanakuja. Kwenye majaribio ya Kyuso huko Kitui, walikofunga vifaa kwenye mikono ya pampu vinavyotuma taarifa kwa simu, pampu iliyokuwa inakaa imekufa wastani wa siku 27 ikawa inatengenezwa ndani ya siku tatu. Kwa vijiji vyenye visima vya pampu ya mkono tu, bila tenki wala mtandao wa mabomba, naona hii ingefaa kuliko kuunda kamati ya watu kumi na mbili kusimamia kisima kimoja. Shida ni kwamba lazima visima viwe vingi eneo moja, kijiji kimoja hakimlipi fundi, na hiyo ada ya mwezi haitoshi gharama zote, kule kuna hela za pembeni zinasaidia. Hata hapo siri ni ukubwa, tunarudi pale pale.

Kujiunga na mamlaka ya mji

Hapa kwanza muelewe hamuamui peke yenu. Eneo la huduma la mamlaka ya maji linatangazwa na Waziri wa Maji, kwa hiyo mnachoweza ni kuomba kupitia RUWASA wilaya na kukubaliana. Lakini vijiji vilivyo pembeni ya miji hili swali linakuja kila siku, na wengine wanaamka wameshahamishwa.

Faida ni kweli ipo. Mamlaka ina wahandisi, ina stoo ya vipuri, ina maabara ya kupima maji (CBWSO ngapi zimepima maji yao mwaka huu? nauliza tu). Bei haipangwi na kamati, inapitishwa na EWURA, mdhibiti wa serikali wa bei za maji na nishati, baada ya mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni, ambao mwananchi yeyote anaruhusiwa kwenda kuongea, na watu hawaendi halafu wanalalamika kwenye magrupu ya WhatsApp. Na kuna kubebana, hoteli ya mjini inalipa bei kubwa, wewe wa bomba moja unalipa ndogo. Linganisha na kijijini ambako ndoo ya 50 ni sawa na 2,500 kwa uniti, mara nyingi mwanakijiji anayebeba kichwani analipa zaidi ya mtu wa mjini mwenye bomba chumbani, na hili wanasiasa hawapendi lisemwe kwa namba.

Sasa ubaya. Nyie mtakuwa mkia wa bomba. Presha ikishuka mjini nyie ndio wa kwanza kukauka, mgao ukipangwa mtapewa Jumatano usiku. Ofisi iko kilomita arobaini, na mivujo ya kijijini kwenu itaripotiwa leo itashughulikiwa wakipata gari. Ile hoja ya madiwani inaingia hapa, mnambana nani? Kwa CBWSO mnamvua kiongozi mkutanoni, kwa mamlaka mnaandika barua. Na kuna jambo dogo ambalo linauma: vilula vinapotea. Mamlaka inapenda wateja wa nyumbani, mita, bili kwenye simu, haina hamu ya kuajiri muuza maji wa kilula, kwa hiyo asiyeweza gharama ya kuunganisha anaanza kununua kwa jirani kwa bei ya jirani. Kama mtajiunga ulizeni vilula vyetu vitabaki vingapi, waandike.

Kijiji kilicho ndani ya kilomita chache kutoka bomba kuu la mamlaka, na chanzo chenu ni chumvi au kinakauka, jiungeni, msijisumbue na uzalendo. Kilicho mbali, acheni.

Halafu kuna namna ya kulipa, na hapa ndio nusu ya vita

Kuna ada ya mwezi kwa kaya, tuseme 3,000. Inapendwa kwa pampu za mkono na mserereko, haina muuza maji, haina mita. Inakufa kwa namna moja kila mahali: mwezi wa kwanza wote wanalipa, wa nne nusu, wa nane wanalipa wajumbe wa kamati tu. Na kaya ya watu wawili inalipa sawa na mwenye ng'ombe thelathini. Kwenye mradi wa dizeli au wa LUKU hii ni kujiua.

Kuna hela mkononi kwa ndoo, tumeshaisema. Piga hesabu ya familia: watu sita kwa lita 25 ni lita 150, ndoo saba na nusu, kwa 50 ni 375 kwa siku, 11,250 kwa mwezi. Kwa mwenye kibarua cha shamba hiyo si mchezo, na ndio maana hachoti saba, anachota tatu, nyingine anaenda mtoni, halafu tunashangaa kuhara hakuishi na maji safi yapo. Mkibadilisha dizeli kuwa sola ndoo inaweza kushuka sana, sehemu kubwa ya hiyo hamsini ilikuwa mafuta, ila msishushe mpaka sifuri kwa sababu "jua ni bure". Jua ni bure, inveta sio bure, na paneli zinaibiwa, mlinzi anataka mshahara. Nasikitika sana kuona mradi wa sola mzuri unauza ndoo shilingi kumi huku hakuna hata mia benki.

Na kuna hizi mita za malipo kabla, unaweka salio kwa simu au kwa wakala kwenye kadi au kile kitufe cha plastiki, unagusisha kilulani, maji yanatoka, yanakata mwenyewe. Kwa wizi mdogo mdogo hii ni dawa, hela haipiti mkononi mwa mtu, inaingia akauntini, na unachota saa nne usiku hakuna wa kumgongea. Shemeji na mwenyekiti wa kitongoji wote wanalipa, kwa mara ya kwanza. Makusanyo yanapanda, hilo nimeliona kwa macho.

Lakini msinunue kwa kuangalia maonyesho tu. Kikiharibika kile kidude hakitengenezwi na fundi bomba, valvu na betri na programu ni vya kampuni, na kampuni ikifunga ofisi Dar kilula chenu kimefungwa. Kampuni inakata fungu lake kwenye kila ndoo, ulizeni kiasi gani na kwa miaka mingapi. Mtoto katumwa na kadi imepotea njiani, bibi hajui salio limebaki ngapi, wakala anafunga saa kumi na mbili. Na yule muuza maji mliyemuondoa ndiye alikuwa anafagia, anafukuza mbuzi, anafunga koki inayovuja, sasa kilula hakina mwenyewe. Vijiji vilivyofanya vizuri vimebaki na mtu wa kutunza kilula, analipwa kidogo kutoka kwenye mauzo, ila hashiki hela. Na hakikisheni kila kilula kina koki ya pembeni yenye kufuli ambayo mtambo ukifa mnafungua mnauza kwa daftari mpaka utengenezwe, isipokuwepo hiyo msisaini.

Mnaniuliza ningechagua nini? Kwa kijiji cha kawaida chenye kisima kirefu, tenki na vilula kumi hivi, mbali na mji: CBWSO ya vijiji vitano au zaidi, fundi na mhasibu wa mshahara, mtu binafsi kwa mkataba wa uniti kama hamuwezi kumpata fundi mzuri wa kuajiri, na mita za malipo kabla vilula vyenye foleni kubwa, vile vya pembeni viuze kwa mkono kwanza. Mserereko wenye maji mengi na kaya zimeshaanza kuvuta nyumbani, msihangaike na kadi, fungeni mita za nyumbani mtoe bili, na hapo mtu binafsi hana kazi kubwa. Visima vya pampu ya mkono vilivyotawanyika, tafuteni vijiji wenzenu mlipie fundi mmoja kwa mwezi.

Na lolote mtakalochagua kuna kibali cha kutumia maji. Watu wanachanganya, CBWSO inauza maji ya bomba, ila maji yenyewe ya mtoni na ya ardhini yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde, nchi ina mabonde tisa, na kwa Sheria Namba 11 ya 2009 kuchukua maji pale unaomba kibali na kulipa ada. Mradi usio na kibali siku mwenye shamba kubwa juu yenu akiweka mashine zake za kuvuta maji hamna pa kusimamia, yeye anacho nyie hamna. Pangani hiyo migogoro ya juu na chini ni ya miaka nenda rudi. Kwa hiyo kabla ya mkutano kwenda kwenye bei mwambieni katibu alete mezani vitu vinne: kibali cha bonde, cheti cha usajili wa chombo, taarifa ya benki ya miezi sita, na usomaji wa mita ya tenki wa miezi hiyo hiyo. Akileta viwili tu, ahirisheni kura, hata kama chai imeshapikwa.